Nyumba moja, misimu minne: kipi ununue na kipi ukiache dukani

Mapambo mengi ya nyumba huku kwetu hununuliwa wakati usiofaa. Idd hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na miaka hii imekuwa ikikutana na masika: Idd el Fitri ya 2024 iliangukia tarehe 10 Aprili, ya 2025 tarehe 31 Machi. Hizo ndizo wiki ambazo watu wa Pongwe hupanda daladala kwenda mjini Tanga, wakazunguka barabara za Ngamiani na kurudi na zulia la manyoya, pazia zito la rangi ya damu ya mzee na mito mipya ya kochi. Siku ya sikukuu sebule inang'aa. Ikifika katikati ya Mei zulia linanuka, ukuta nyuma ya pazia umeota madoa meusi, na mito inanata mkononi. Fedha imeshatoka, na nyumba imerudi ilipokuwa.

Vitu hivyo havina ubaya. Vimewekwa tu mahali pasipo pake, kwa msimu usio wake. Kanuni ninayoishikilia ni hii: kinachokaa ukutani na sakafuni mwaka mzima kichaguliwe kwa ajili ya masika, na kinachokunjwa kichaguliwe kwa ajili ya joto na sikukuu. Anayeifuata hatumii fedha nyingi kuliko jirani yake. Mara nyingi hutumia pungufu, kwa sababu hanunui kitu kilekile kila mwaka.

Bei nitakazotaja ni za kupigia hesabu tu, wala si za duka fulani. Ukiambiwa bei nyingine sokoni, iweke mahali pa hiyo yangu; njia ya kulinganisha itabaki ileile. Na swali la kujiuliza si "kinauzwa ngapi?" bali "kitanigharimu ngapi kwa mwaka?"

Hali ya hewa ndiyo inayopanga sebule

Masika yetu huanza Machi na kuisha Mei, na Mei ndio mwezi ambao kwa kawaida mvua huwa nyingi zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe: kusi inavuma, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 20 hivi. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, na haiaminiki. Mwaka 2019 na mwaka 2023 ilimwaga mvua kupita kiasi, na miaka mingine huja manyunyu tu. Kisha kinaingia kiangazi cha Januari na Februari, kaskazi ikivuma, mchana ukipita nyuzi 32 na vumbi la barabara likitua juu ya kila kitu.

Kuna jambo la bure ambalo watu wengi hulisahau. Kusi huja kutoka kusini na kusini-mashariki, na hiyo ndiyo inayopiga mvua ukutani. Kaskazi huja kutoka upande wa pili. Kwa hiyo kabati la nguo lisiegemee ukuta wa kusini wala wa mashariki wakati wa masika. Liache nyuma yake nafasi ya shubiri moja, hewa ipite. Ikifika Desemba, kitanda na kochi visogezwe kwenye njia ya kaskazi. Kupanga upya vyumba mara mbili kwa mwaka hakugharimu senti, na ndiko kunakoleta tofauti kubwa kuliko kitu chochote utakachonunua.

Ukuta: chokaa, rangi ya maji au rangi ya mafuta

Kabla ya kununua rangi yoyote, fanya jaribio dogo. Kata kipande cha nailoni angavu, futi moja kwa futi moja, kibandike ukutani karibu na sakafu kwa gundi ya utepe pande zote nne, kiache usiku kucha na mchana wake. Matone yakionekana upande wa ndani, unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani kwenyewe. Yakionekana upande wa nje, unyevu umo hewani, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Ukuta unaotoa unyevu usiupake rangi ya mafuta. Rangi hiyo ni ngozi isiyopitisha hewa: maji yanayopanda kutoka kwenye msingi hukosa pa kutokea, yakasukuma, rangi ikafura na kubanduka kwa magamba. Rangi ya maji huvumilia zaidi, lakini nayo hushindwa kwenye dhiraa mbili za chini za ukuta. Chokaa ndiyo inayoruhusu ukuta kupumua, na ukali wake hauipi koga nafasi ya kuota. Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mawe hayohayo ndiyo yaliyoleta kiwanda cha Tanga Cement hapa Pongwe, ambacho kimekuwa kikitoa saruji tangu 1980. Wazee waliojenga msikiti na makaburi ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, walishikiza matumbawe kwa chokaa, na mabaki yake yamesimama karne kadhaa mbele ya bahari.

Sasa hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, chenye urefu wa mita 2.8, kina kuta za mita za mraba kama 32 ukitoa mlango na dirisha. Lita moja ya rangi ya maji hufunika karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili inataka galoni mbili za lita nne. Tuseme galoni ni shilingi 25,000 na fundi anachukua 30,000: jumla 80,000. Mfuko wa chokaa tuseme 8,000 na brashi 3,000. Ukimweka fundi yuleyule, jumla 41,000.

- Ukuta mkavu, rangi ya maji inayodumu miaka mitatu: kama 27,000 kwa mwaka.
- Ukuta mkavu, chokaa inayorudiwa kila mwaka na fundi: 41,000 kwa mwaka.
- Chokaa unayopaka mwenyewe: 11,000 kwa mwaka.
- Ukuta wenye unyevu, rangi ya maji inayobanduka kila masika: 80,000 kwa mwaka.

Maana yake ni wazi. Kama ukuta ni mkavu na huna muda wa kupaka, rangi ya maji ni nafuu na haichafui nguo. Kama una unyevu, au kama una mikono ya kufanya kazi Jumamosi moja, chokaa inashinda kwa mbali. Unaweza pia kuchanganya: chokaa kwenye dhiraa mbili za chini za ukuta, rangi ya maji juu yake, na mstari wa rangi iliyokoza kuzitenganisha. Ni pambo zuri, tena la kienyeji.

Anayepaka chokaa azingatie mambo manne. Kwanza, anunue chokaa ya unga ambayo imeshazimwa, si mawe yaliyotoka tanuruni, kwani hayo hutokota yakikutana na maji. Pili, alinde macho na mikono. Tatu, akwangue rangi ya zamani, kwa kuwa chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Nne, alowanishe ukuta kwanza na kupaka mikono mitatu myepesi kama maziwa, kila mmoja ukikauka kwa siku. Gao moja la chumvi ndani ya ndoo husaidia isipukutike.

Sakafu: zulia, mkeka au kapeti la plastiki

Zulia la manyoya ndilo linaloumiza watu zaidi. Linanywa unyevu wa saruji kutoka chini na vumbi la kiangazi kutoka juu, na halifuliki nyumbani. Tuseme limenunuliwa 150,000 na likastahimili masika mbili: ni 75,000 kwa mwaka.

Kapeti la plastiki huuzwa kwa mita, upana wa mita mbili hivi. Sebule ya mita nne kwa nne inataka mita nane. Kwa 12,000 kila mita ni 96,000, na likidumu miaka minne ni 24,000 kwa mwaka. Ni bei nzuri, kwa sharti kwamba sakafu iliwekewa nailoni chini ya zege wakati wa kujenga. Kama haikuwekewa, maji hunaswa chini yake, na siku utakapolifunua utajuta. Jaribio la nailoni nililolieleza lifanye sakafuni pia kabla ya kulipa.

Mikeka mitatu ya ukindu kwa 25,000 kila mmoja ni 75,000. Ikikunjwa masika na kutandikwa kiangazi hudumu miaka mitatu bila taabu: 25,000 kwa mwaka, na juu ya hapo unaweza kuitoa nje, kuikung'uta, kuianika, kumkaribishia mgeni barazani na kuitandika chumba kingine. Hakuna zulia linalofanya kazi hizo zote.

Mkeka ununuliwe kwa macho na pua. Ukishamwamkia mama anayeuza, mwombe aukunjue wote, maana ulioviringishwa huficha mengi. Tazama mshono unaounganisha ukili na ukili: uwe umekaza, uzi usiokatika ukivutwa. Pindua upande wa chini utafute vidoa vyeusi. Nusa: ukindu mkavu una harufu ya majani, uliolala na unyevu una harufu ya stoo. Muulize kama ni ukindu au miyaa, kwa sababu ukindu ni laini na huvumilia kukaliwa, ilhali miyaa ni migumu zaidi na hufaa majamvi ya nje. Rangi zake zisugue kwa kidole kilicholowa mate. Zikiachia, zitaachia pia kwenye kanzu ya mgeni.

Na mkonge je? Tanga ndiyo kitovu chake tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, na ningependa kila nyumba ya mkoa huu iwe na zulia lake. Ni imara na lina sura ya heshima. Lakini nyuzi za mkonge hunywa unyevu wa hewa, na maji yakimwagika huacha doa lisilotoka. Linunue kwa ajili ya sebule kavu, lizungukwe na sakafu tupu, na kuanzia mwishoni mwa Machi liviringishwe na kuwekwa juu ya meza au uchaga, kamwe lisilazwe chini.

Madirisha: pazia moja zito, doti nyingi

Huku kwetu jua la adhuhuri liko karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo upenu wa kawaida unalizuia. Adui ni jua la alasiri, la saa tisa hadi saa kumi na mbili, linaloingia dirisha la magharibi na kuchemsha chumba mpaka usiku. Dirisha hilo ndilo linalostahili pazia zito. Mengine hayalihitaji.

Tuseme pazia zito la dirisha la futi tano kwa tano, pamoja na kushonesha, ni 60,000. Nyumba ya madirisha sita ikivishwa yote hivyo ni 360,000, na upepo umezibwa kila upande. Linganisha na doti ya kanga ya 15,000. Kanga moja ina urefu wa mita moja na nusu, ambao ni karibu futi tano, na upana wa mita moja na kitu. Ukizining'iniza mbili kwa wima, doti moja inafunika dirisha la futi tano na kubakiza kitambaa cha kutosha kufanya mikunjo. Huna haja ya kukata wala kushona zaidi ya kupinda ukingo wa juu upitishe fimbo, na siku utakayochoka nayo bado ni kanga ya kuvaa. Dirisha moja zito na matano ya kanga ni 135,000. Umeokoa 225,000, na upepo unaingia.

Kanga ina udhaifu wake: jua hula rangi. Ishonee nyuma kitambaa cha marekani, mita tatu kwa 4,000 kila moja, upande mweupe ukielekea nje. Jua litarudishwa na weupe, na kanga itadumu mara mbili. Nunua fimbo za urefu mmoja madirishani kote, ili mapazia yabadilishane nafasi kadiri msimu unavyogeuka. Kipupwe weka rangi nzito za joto: nyekundu, kahawia, zafarani. Kiangazi weka nyeupe, buluu na kijani. Kitambaa ni kilekile cha kabatini, na mgeni atadhani umenunua upya.

Anayejenga au kubadilisha madirisha ajue jambo moja zaidi. Dirisha la alumini la kusukuma linafunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja kinakaa nyuma ya kingine. La mbao au chuma linalofunguka nje kama mlango linafunguka lote. Kwa dirisha la ukubwa uleule unapata upepo mara mbili, na kwa mafundi wetu wengi la mbao halizidi bei.

Viti na mito

Kochi la ngozi bandia ni la kukwepa kabisa pwani. Joto pamoja na unyevu huvunja utando wake wa juu. Baada ya misimu michache unaanza kubanduka vipande vidogo vinavyoganda kwenye nguo, na hakuna fundi anayeweza kuurudisha. Kochi la velveti hunasa vumbi na joto. Linalofaa ni la mbao lenye mito ya kutoa, yenye foronya za zipu. Mbao za mitiki zinapatikana mkoani kwetu, shamba la serikali la Longuza liko Muheza, na kiini cha mtiki uliokomaa hustahimili mchwa na unyevu. Mwambie fundi akuonyeshe mbao kabla hajazipiga vanishi, maana vanishi hufunika mbao changa nyeupe ambazo mchwa anazipenda.

Foronya shonesha seti mbili, ya pamba nyepesi na ya kitambaa kizito. Seti ya pili ni gharama ya kitambaa na ushonaji tu, na inakupa kochi jipya kila nusu mwaka. Mito ya sufi ianikwe kila jua linapotoka wakati wa masika. Sponji ikilowa hukaa siku kadhaa kabla ya kukauka ndani, kwa hiyo isiwekwe kabisa barazani.

Upepo wa umeme

Wengi huona kiyoyozi ndilo jibu la kiangazi. Hesabu inasema vingine. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi. Daraja la T1, la wanaotumia zaidi, ni 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unafika 122 kwa D1 na 356 kwa T1.

Feni ya wati 70 inayozunguka saa kumi kwa siku hula uniti 21 kwa mwezi. Kwa D1 ni shilingi 2,562. Kwa T1 ni 7,476. Kiyoyozi kidogo kinachofanya kazi usiku hula kama uniti 130 kwa mwezi, ambazo kwa T1 ni 46,280. Na kibaya zaidi, kiyoyozi kinakutoa D1, hivyo taa, friji na feni zako zote nazo zinapanda karibu mara tatu. Feni ya dari, dirisha la magharibi lililofunikwa na ukuta mweupe vinatosha kwa nyumba nyingi za Pongwe. Kiyoyozi kiwe cha chumba cha mgonjwa au mtoto mchanga anayehitaji, na kipangiwe fedha zake mapema.

Ukiwa na 50,000, 200,000 au 600,000

Kwa *50,000*: chokaa na brashi 11,000, doti moja 15,000, marekani mita tatu 12,000, wavu wa mbu mita mbili kwa 10,000. Jumla 48,000. Chumba kimoja kimepata ukuta safi, kivuli, upepo na usalama dhidi ya mbu wanaozidi baada ya mvua.

Kwa *200,000*: yote hayo, pamoja na feni ya dari 70,000, mikeka miwili 50,000 na doti ya pili 15,000. Jumla 183,000, na baki ni ya fundi umeme.

Kwa *600,000*: usianze na kochi. Anza na gata la bati linalovuja, jamvi la zege kuzunguka msingi na mfereji unaopeleka maji mbali na nyumba, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoamua kama kila pambo utakalonunua baadaye litaishi au litaoza. Kisha ukuta. Kisha kochi la mbao na seti mbili za foronya. Zulia, kama bado unalitaka, liwe la mwisho.

Na kama sikukuu inakaribia na mvua nayo iko njiani, ni halali kabisa kupamba kwa vitu vinavyokunjwa: kanga mpya dirishani, mkeka mpya, foronya mpya, maua ya asumini mezani. Vitapendeza siku hiyo kama zulia, na asubuhi wingu likitanda utavikunja ndani ya dakika chache. Fedha ya zulia itunze hadi Juni, wakati mvua imepungua, maduka yametulia na muuzaji ana nafasi ya kusikiliza bei yako.